Maneno ya Kumwambia Baba Kabla ya Mvua

Mama yangu,

Kamwene. Nimeanza na salamu ya kwetu kwa makusudi, maana huku watu wakikutana njiani hawaulizani habari za nyumbani wala za watoto. Mmoja husema leo kuna ukungu, mwenzake huitikia kwamba kweli kuna ukungu, basi wamesalimiana, kila mtu anashika njia yake. Nimewazoea, lakini bado nina hamu ya mtu kuniuliza nimeamkaje. Haya, wewe umeamkaje? Goti lako linasemaje? Mpunga umeshapigwa wote na kuingia ghalani, au bado mnapepeta? Na yule ng'ombe mwenye pembe moja, anayejifanya mwenye nyumba, bado anakuja kulala mlangoni kwako?

Mimi ni mzima. Asubuhi za huku zimeanza kuwa za kuvaa sweta, kama Iringa mwezi wa sita, na baada ya hapo najua kitakachofuata. Kazi ninayo. Baada ya yule bibi niliyekuwa namtunza kufariki, nimepewa mzee mmoja, mpole, ambaye anakula uji wake wote na hanisumbui. Kwa hiyo usinisikitikie upande huo.

Barua hii inaletwa na muuguzi mwenzetu anayekwenda kuwaona wazazi wake Mbeya. Ataikabidhi kwa Festo, na Festo atakufikishia Rujewa kwa mkono wake. Usimpe mtu akusomee. Vaa miwani, kaa barazani penye mwanga, usome mwenyewe mpaka mwisho, kwa sababu mwishoni kuna maneno ambayo si yako peke yako.

Festo alinipigia simu Jumapili. Alikuwa na hasira hata hakunisalimia vizuri. "Dada, mama amegoma," akasema. "Nyumba imeisha, bati nimeweka, umeme umeshavutwa, choo kipo humo humo ndani. Nikimwambia tuhame ananiambia, nitahama nikihama. Sasa hilo ni jibu gani? Mvua zinakuja bwana. Yale maji yakirudi mwaka huu yatamkuta humo ndani. Wewe ndiye mkubwa. Mwamrishe."

Nikamwambia mama haamrishwi kwa simu. Akasema, "Basi sema unavyojua kusema, ila ahame." Kisha nikamsikia anavuta kamasi. Mwanao analia, Mama. Huyu Festo wetu wa mashine ya kukoboa pale Igawa, ambaye wateja wanamwogopa kwa ukali, alikuwa analia, akanidanganya kwamba ni vumbi la pumba.

Nami naogopa, heri niseme wazi. Ile picha aliyonitumia mvua zilizopita, maji yamefika kwenye madirisha ya nyumba aliyoijenga Baba, na wewe umesimama upande wa barabara na kanga imekushika mwilini kwa kulowa, nilipoiona nilikaa chini jikoni kwa watu. Mto Mbarali ulipoingia mara ya kwanza tulisema ni bahati mbaya. Ulipoingia mara ya pili, ukuta wa upande wa jiko ukapasuka. Sitaki kungoja mara ya tatu nikiwa huku, naangalia simu.

Lakini sikuandikii nikuamrishe. Nataka kwanza nikueleze mahali ninapoishi, kwa sababu uliwahi kuniuliza ni mahali gani hapa, nami nikakujibu ovyo kwamba ni kijiji tu. Nilikuwa sijapaangalia vizuri. Sasa nimepaangalia, na nimeona kitu kinachotuhusu.

Jina la kijiji hata nikiliandika halitakusaidia, ni refu na nusu ya herufi hazisomwi. Kiko kando ya mto ambao si mkubwa kuliko Mbarali wetu, ila wenyewe umetulia, una bata, na maji yake ya kahawia hayana haraka. Bondeni kabisa, karibu na maji, kuna kanisa la mawe, kinu cha zamani cha kusagia ngano kwa nguvu ya maji, daraja, na vinyumba vichache vilivyobanana. Sehemu nyingine yote ya kijiji iko juu ya kilima, kiasi cha kutoka kwetu hadi dukani kwa shemeji. Ukiingia kwa mara ya kwanza unashangaa. Kanisa liko peke yake bondeni, ng'ombe wanalizunguka, na waumini wote wako juu. Mwanzoni nilidhani walikosana na padri.

Unajua mimi ni mtoto wa mwashi, siwezi kupita penye ukuta bila kuugonga. Baba alituharibu kwa hilo. Nyumba za bondeni nilizigonga zote, mpaka mama mmoja akachungulia dirishani kuona ni nani anayebisha. Mama, kuta za nyumba hizo ni za fito. Nisikilize vizuri: Wazungu hawa, walioleta bati na saruji kwetu na kutuambia nyumba za fito ni za kimaskini, mababu zao walisimamisha nguzo za miti migumu, wakasuka fito katikati, wakakandika kwa udongo uliochanganywa na majani na mavi ya ng'ombe. Juu wakaezeka kwa mabua. Nyumba hizo zimesimama kwa mamia ya miaka, zimepinda kidogo kama mzee aliyechoka, na watu wanazigombania. Ningekuwa na Baba hapa angecheka mpaka akohoe. Halafu angeingia chini ya paa kuangalia viungo, na asingetoka mpaka aitwe kula.

Na walijua tabia ya mto wao. Milango ya bondeni iko juu ya ngazi za mawe. Kwenye miimo kuna mifereji iliyochongwa, ya kuteremshia mbao za kuzuia maji. Sakafu ni mawe matupu, ili maji yakitoka mtu achukue ufagio asukume tope nje. Ukutani kwa kinu wamechonga mistari, kila mstari na mwaka wake, kuonyesha maji yalifika wapi. Mistari mingi inanifika kiunoni. Mmoja uko juu ya kichwa changu, na nilipouona nilirudi nyuma hatua mbili, kana kwamba maji yenyewe bado yapo.

Kando ya mto kuna mabenchi ya mbao, mazuri, yanatazama maji. Hapo ndipo nilipofanya kituko ambacho lazima nikuambie, ucheke kidogo kabla sijaingia kwenye mazito. Kila benchi lina kibati kidogo chenye jina la marehemu, na maneno ya kusema kwamba alipapenda sana mahali hapa. Mimi nikajua ni makaburi. Nikasema watu wa ajabu hawa, wanazikana kando ya mto na juu ya kaburi wanaweka kiti. Yule bibi niliyekuwa nikimtunza, Bi Dorothy, alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, ananiambia kaa upumzike. Mimi nasema nipo sawa. Nilisimama hivyo majira yote ya joto. Na kila nilipopita nilikuwa nainamisha kichwa na kusema kimoyomoyo, mtuwie radhi, tunapita. Siku moja akaja kijana na mbwa wake na mkate wake, akakaa juu ya marehemu, akaanza kula. Nikashika mdomo. Bi Dorothy akaniuliza kulikoni, nikamwambia. Alicheka mpaka nikaogopa pumzi itamkatika. Halafu akaacha kucheka, akaniambia, "Kumbe miezi yote hii ulikuwa unawasalimia?" Nikasema ndiyo. Akanishika mkono, akasema hakuna mtu mwingine aliyewahi kuwasalimia.

Huyu Bi Dorothy ndiye ninayetaka ujue habari zake. Nyumba yake ilikuwa mojawapo ya zile za bondeni, aliolewa humo akiwa msichana. Mume alifia humo. Watoto wake wawili wako miji ya mbali na wote walimwambia ahame, apande juu kwenye nyumba ndogo isiyo na ngazi. Akawajibu maneno ambayo nilipoyasikia nilidhani ni wewe unaongea Kiingereza. Alisema ataondoka siku akiwa tayari.

Mwezi wa pili maji yakaja. Hayakuja kwa kishindo kama ya kwetu, yanayobeba magogo na mbuzi. Yalipanda kimya kimya, mchana, huku tumekaa tunakunywa chai. Tuliteremsha zile mbao mlangoni, zikazuia kidogo, kisha maji yakaanza kububujika kutoka chini ya sakafu, kati ya jiwe na jiwe. Nikampandisha ngazi hadi chumba cha juu nimembeba mgongoni. Wakaja watu wa uokoaji na mashua, wakasema atatokea dirishani. Akakataa. "Mlango wangu uko chini," akawaambia. "Sijawahi kutoka nyumba hii kwa dirisha." Walikuwa wapole, sina la kuwalaumu, lakini maji hayangoji mtu amalize kusema. Walimfunga blanketi wakamtoa dirishani. Alinitazama mimi, akidhani nitawazuia.

Wakampeleka kwenye nyumba ya wazee, mjini. Pazuri, pana joto, chakula kipo. Niliruhusiwa kumtembelea. Kila nikienda alikuwa ameshika mkoba tayari, ananiambia twende tukafunge nyumba. Hakuwa amechanganyikiwa, Mama, siku hiyo hiyo alikuwa anajua tarehe na jina la kila muuguzi. Alikuwa anajua kwamba kuna jambo la mlangoni halikufanywa. Nikamwomba mwanawe wa kiume amrudishe mara moja tu, hata dakika chache, aage. Akasema nyumba imejaa tope na ni hatari, na ataumia zaidi moyoni. Alifariki kabla ya Pasaka. Daktari aliandika ugonjwa wa moyo. Mimi nina yangu, ila sikuulizwa.

Tulimzika kwenye lile kanisa la bondeni. Baada ya mazishi nilibaki na mzee anayetunza funguo za kanisa, anaitwa Bwana Alan. Ni mtu anayependa kuelezea mawe, na mimi napenda kuelezwa, kwa hiyo tunaelewana. Alinionyesha majani ya upande wa kusini wa kanisa. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi, nikiona vinundu na vishimo tu. Akasema hapo ndipo kijiji kilipokuwa. Nyumba zote zilikuwa hapo, zimelizunguka kanisa, na mto ndio uliokuwa barabara yao, mawe na ngano na chumvi vyote vilipita kwa mashua. Kisha ikaja miaka ya mafuriko na maradhi mfululizo, wakachoka. Wakahama wote kwenda juu, isipokuwa wachache wagumu. Walibomoa nyumba zao wenyewe, wakabeba miimo, milango na mawe. Ukipita kijiji cha juu unaona kwenye ukuta wa mtu jiwe lenye maua ya kuchonga, kumbe lilikuwa la bondeni. Ila kanisa waliliacha, na makaburi. Wakatengeneza njia ya miguu kutoka juu, na mpaka leo ndiyo wanayoshuka nayo wakienda kuzika.

Nikamuuliza, "Na wale waliozikwa hapa, nani aliwaambia kwamba watu wanahama?"

Bwana Alan alinitazama. Nikarudia, nikidhani Kiingereza changu kimeteleza. Nikasema, siku ile wanapakia mizigo, lazima kuna mtu aliyekuja kusimama hapa akawaambia wazee, sisi tunapanda juu, msitutafute bondeni. Alikuwa nani? Padri? Mkubwa wa ukoo?

Akasema, "Sijui. Sijawahi kusikia mtu akiuliza hilo."

Mama, nilikuwa bado nimesimama mbele yake nilipokuelewa. Swali nililomuuliza yule mzee wa watu ndilo unalotuuliza sisi tangu Festo alipochimba msingi, kwa kunyamaza kwako. Festo alipoleta tofali ulinyamaza. Alipopaua uliwapikia mafundi wali na maharage ukanyamaza. Padri alipokuja kubariki ulisema amina. Halafu ukarudi nyumbani kwako bondeni, ukachukua ufagio, ukafagia kaburi la Baba kama kila asubuhi. Tukasema mama anang'ang'ania nyumba. Tukasema uzee. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba nyumba ilijengwa, mke anahamishwa, na mwenye mke hajaambiwa.

Na wewe hukutaka kusema. Najua kwa nini. Ungesema, mimi ningejua ni zamu yangu, mzaliwa wa kwanza, kusimama kaburini na kumwambia, na ulijua siwezi kuja. Karatasi zangu za kuishi hapa ziko ofisini kwao, nikitoka nje ya nchi kabla hazijajibiwa mlango unafungwa, na Festo alikueleza hivyo. Ukaona ni afadhali ungoje, maji yaje au mimi nije, kitakachotangulia. Mama, hesabu hiyo imenikata maini.

Nakumbuka vizuri tulivyoondoka kule Iringa, nilikuwa mdogo lakini mimi ndiye niliyebeba kibuyu. Baba alikuwa mzaliwa wa kwanza. Lori lilikuwa limeshapakiwa, dereva anapiga honi, na Baba hakumjali. Alisimama kichwani mwa kaburi la babu, akamwaga maji yenye unga wa ulezi, akasema mzee, ardhi hapa imechoka, nashuka Usangu kulima mpunga, hawa ndio wajukuu zako, uwaangalie njiani. Wewe ulisimama pembeni umemshika Festo. Hukupanda lori mpaka aliponyoosha mgongo na kusema tayari. Mimi nilidhani tunamuaga tu babu. Kumbe tulikuwa tunaomba ruhusa.

Festo alipendekeza nipige simu, aweke spika juu ya kaburi niseme. Nimekataa. Sitaki mtandao ukatike nikiwa katikati ya neno, halafu yule dada wa kampuni ya simu aanze kumwambia Baba kwamba hapatikani. Na sitaki kusemea kwenye chombo ambacho jirani atakirekodi. Nimeandika. Festo atasoma. Yeye hasemi ya kwake mwenyewe, kwa sababu mimi niko hai na ni mkubwa wake, anafikisha yangu. Mjumbe hauawi. Na si jambo jipya: Baba mwenyewe mwaka ule alipovunjika mguu alimtuma binamu yake Iringa na maneno ya kumfikishia babu kaburini, na wewe ulikuwepo alipokuwa anamfundisha aseme nini. Baba mdogo akileta ubishi kwamba mwanamke hasemi kaburini, mkumbushe kwamba marehemu kaka yake alinisimamisha mbele ya ukoo akasema mkubwa wangu ni huyu. Alikuwepo na alikula ile nyama.

Kama nimekosea utaratibu, wewe ndiye utakayejua. Ukisoma ukaona halifai, sitakushinikiza, na nitamwambia Festo akuache. Lakini ukiona linafaa, lifanyike asubuhi, kabla ya mvua ya kwanza, na wewe mwenyewe utoke mlangoni kwa miguu yako. Mtu asikubebe. Wala usiache mlango na madirisha ya Baba. Mwambie Festo ayang'oe kwa uangalifu, ni ya mbao za mninga, ayafunge kwenye nyumba mpya hata kama hayalingani na rangi yake ya kisasa. Kaburi libaki lilipo, tulijengee ukingo wa mawe. Na njia ya kuteremkia isilimwe. Utashuka kila ukitaka kufagia, na goti likikataa, Festo ana pikipiki.

Nisalimie Baba mdogo, pamoja na ubishi wake. Msalimie Shangazi, dada wa Baba, na ninaomba awepo siku hiyo ashike kibuyu, kwa kuwa mimi sipo kukishika. Msalimie mke wa Festo, mwambie nimesikia alivyokubeba siku ile ya maji na sitamsahau. Wasalimie shemeji wa dukani na katekista wetu, mwambie asikwazike, Mungu anatujua na Baba alikuwa mwanakwaya. Mama mdogo wa Iringa mpigieni simu, asije akasikia barabarani kwamba umehama. Majirani wote wa mferejini wasalimie bila kubagua, hata yule aliyetuzibia maji.

Hapa chini ndiyo maneno yenyewe. Festo, soma kwa sauti ya kawaida, usikimbie, na usiongeze lako.

Kamwene, Baba. Ni mimi, Yustina, mwanao wa kwanza. Sauti ni ya Festo, maneno ni yangu. Niko mbali, ng'ambo, ninakotunza wazee wa watu. Sikuja, na ninaumia kwamba sikuja. Maji na unga huu amevishika dada yako kwa niaba yangu, vipokee.

Baba, nyumba uliyoijenga ni nzuri. Imetulea wote na haikuwahi kuvuja. Lakini mto umebadilika. Umeingia mara mbili na umepasua ukuta wa jikoni, wewe mwenyewe uko hapa, umeuona. Ungekuwa na nguvu zako ungekuwa umeshatuhamisha.

Festo amejenga juu, karibu na barabara. Alitakiwa aje kwako kwanza kabla ya kuchimba, hakuja, kwa sababu hakuna aliyemfundisha. Msamehe. Msingi wake ni wa mawe, nimemwuliza mara tatu, na ameuteremsha mpaka penye udongo mgumu kama ulivyokuwa ukitaka.

Wewe unabaki hapa. Hatukufukui wala hatukuachi. Njia ya kuteremka ipo. Tutakuja na watoto, tutakuambia aliyeoa na aliyezaa.

Mama hajakukimbia. Kila mtu amemwambia ahame, mimi na Festo na padri, na amekataa wote, kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa na haki ya kumwambia. Amesimama hapa mbele yako, amevaa kanga safi, mzigo wake mdogo uko mlangoni, na hatainua mguu bila wewe.

Tunaomba ruhusa, Baba. Mruhusu mkeo apande.

Yustina,
mtoto wenu